Kitalu Kilicho Chini ya Hoteli Leonora

Lodema, Colorado
9 Aprili 1961

Mjukuu wangu Loveday,

Anayekuandikia ana miaka themanini na minne na yuko hai. Kanali Crull hayuko hai. Migodi yetu yote imekufa, reli imeng'olewa, makanisa mawili kati ya matatu yamegeuzwa stoo za mbao, na madaktari wanne walionikataza tumbaku niliwasindikiza makaburini mmoja mmoja huku nimewasha kiko. Kwa hiyo ukimsikia mtu huko Denver anasema Pascoe Tregear amezeeka, mwambie apande huku aje tushindane kupiga tindo.

Msalimie baba yako. Mwambie goti langu halijambo kuliko lake. Hapa theluji bado iko dirishani lakini imeanza kulegea.

Barua yako ilikaa posta wiki nzima. Hulda Okerlund, yule Mswidi anayekaa dirishani pale, alikataa kuipandisha. Akaniambia, "Mimi si punda wa kilima, mzee. Na wewe lini mara ya mwisho ulipata barua?" Nikamwambia, "Watu wananiogopa kunisumbua, mimi ni mtu mwenye shughuli." Akacheka mpaka stempu zikamwagika.

Sasa unataka historia ya Hoteli Leonora, kwa sababu marafiki zako fulani wanapenda kujua. Umemwandikia mtu mwenyewe hasa. Hiyo hoteli aliijenga Crull mwaka 1890. Alikuwa kanali wa jeshi ambalo hakuna aliyewahi kuliona. Akaipa jina la mkewe, na mkewe akaja mara moja tu, akatazama tope la barabara yetu, akarudi na treni ileile iliyomleta. Ghorofa nne. Mbele marumaru, nyuma mbao zilizopakwa rangi zifanane na marumaru. Msingi tuliujenga sisi wachimbaji tuliotoka Cornwall. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu nikibeba mawe, na ile pembe ya upande wa kanisa imesimama mpaka leo kwa sababu niliibeba mimi. Pembe nyingine zilijengwa na watu wengine, na ukizitazama utajua.

Mchimbaji hakuruhusiwa kupita mlango wa mbele. Mimi nimeupita mara mbili, na mara ya pili nilikuwa natupwa nje.

Ila kuna jambo ambalo watu hawakujiuliza. Hoteli ilikuwa na vyumba sitini na wageni saba. Lakini kila asubuhi mkokoteni wa dobi unashuka bondeni umejaa mashuka, farasi wanne wanauvuta na wanahema kama wamebeba kanisa. Wageni gani hao, wanalala vipi, hata mashuka yakawa mazito hivyo? Ukweli ni kwamba Crull alikuwa anachimba chini ya hoteli yake mwenyewe, kutoka stoo ya chini, anaingia kwenye miamba ya madini ya watu wengine, na mawe yenye madini ya fedha yanatoka yameshonewa ndani ya foronya. Alileta wachimbaji wa mbali wasiojuana na mtu. Wa hapa alimchukua mmoja tu, kaka yangu mkubwa, Digory, babu yako mzaa baba, kwa sababu kwa kupasua mwamba alikuwa wa pili katika mji huu. Wa kwanza ni mimi.

Mwaka 1898 handaki lile likaanguka. Sakafu ya ukumbi wa dansi ikadidimia upande mmoja. Crull akawaambia wageni kwamba fundi kutoka Vienna ndiye aliyeiinamisha makusudi, wanawake wacheze bila kuchoka. Watu wakapanda treni kutoka Denver waje kucheza dansi ya kuteremka! Wakirudi juu wanahema, wanasema ni hewa ya mlimani.

Digory hakuonekana tena. Crull akajaza kifusi kwenye mdomo wa handaki, akatangaza kwamba Digory katoroka na mwimbaji wa hoteli, wa chumba namba 14. Miaka miwili baadaye akauza hoteli akaondoka. Mimi nikaandikisha kitalu cha madini chini yake, na kila mwaka nafanya kazi inayotakiwa na sheria ili asitokee mtu akasema kimetelekezwa. Natafuta kaka yangu. Hakutoroka na mtu. Hayo ndiyo yote kuhusu namba 14.

Mimi babu yako,
Pascoe Tregear


Denver
2 Mei 1961

Babu Pascoe, shikamoo.

Nashukuru kwa barua yako, na kwa goti. Baba hakufurahi kusikia habari za goti. Kifua chake bado kinambana, daktari amemkataza ngazi, kwa hiyo sasa analala sebuleni na anatoa amri kutoka kochini. Nyanya nimezipanda lakini baridi imezichoma. Mengine ni heri.

Niliposoma habari za mashuka nilicheka peke yangu kwenye basi, watu wakasogea.

Naomba nikuulize, Babu. Huyo mwimbaji alikuwa nani? Magazeti ya wakati ule yanamwita Madame Fiorelli, halafu hayasemi kitu tena. Alikwenda wapi? Bibi Jenifer mpaka anakufa, mwanamke akianza kuimba redioni, alikuwa anainuka na kutoka chumbani. Hakuna aliyethubutu kumuuliza. Baba anasema tu kwamba mama yake aliachwa na mtoto wa miezi mitatu, na kwamba huko Lodema watu walikuwa wakimtazama kanisani kama mtu aliyekuja bila viatu, ndiyo maana akahamia huku.

Na hili nalisema kwa mapenzi. Kuna watu wema ambao wangependa kuifufua hoteli. Kuna mchezo huu wa kuteleza kwenye theluji, watu wanafuata milima siku hizi. Je, hujachoka na kazi ya chini ya ardhi? Kuna nyumba nzuri za wazee hapa Denver, zina bustani. Ungesaini karatasi moja tu ya kuachia kitalu.

Mjukuu wako,
Loveday


Lodema
11 Juni 1961

Loveday,

Salamu. Theluji imeisha, tope limeanza, kuku wa Hulda wametaga. Mpe pole baba yako, mwambie anywe uji wa moto na aache kutoa amri.

Nimekawia kujibu kwa sababu nilikuwa natazama bahasha yako. Kwa nje umeandika kwa mkono. Kwa ndani, kwenye mkunjo, kuna mlima mdogo umepigwa chapa, na mtu anauteremka na vijiti miguuni. Nikasema, huyu mtu nitamwona tena.

Nikamwona. Alikuja kijana wa kampuni inayotaka kuifufua hoteli, anaitwa Dwight Pell, viatu vyeupe kwenye tope letu. Akanikuta mlangoni mwa stoo ya chini ya hoteli.

"Mzee Tregear! Nimesikia mengi kuhusu wewe."

"Umesikia machache. Mengi ninayo mwenyewe."

Akanipa kijitabu. Kina picha ya namba 14, kitanda kina pazia, na imeandikwa Chumba cha Wapenzi. Ndani yake mchimbaji kijana mwenye macho ya samawati anamwacha mke na mtoto, anatoroka na mwimbaji mpaka Italia, na hoteli inalia kwa wivu. Digory alikuwa na macho ya kahawia na alikuwa anaogopa maji, Italia angefikaje?

Nikamwambia, "Huu ni uongo."

"Ni hadithi nzuri, mzee. Maharusi wanaipenda. Wameanza kuweka nafasi hata kabla hatujapaka rangi."

"Na nani kaandika?"

"Msichana wetu wa Denver, hodari sana. Bi. Tregear. Kwani mnahusiana?"

Nikamwambia bado sijajua.

Kisha akanieleza, kwa upole kama mtu anayemlisha mgonjwa, kwamba sheria ni sheria. Ikifika saa sita mchana Septemba mosi kazi ya mwaka haijafanyika kitalu kinakuwa wazi, na kampuni itakichukua na kumwaga zege stoo nzima, sakafu isizidi kudidimia. Nikamwambia kazi itafanyika kama ilivyofanyika kila mwaka. Akachungulia ndani. Akaona njia yangu upande wa kushoto, imenyooka kama mtutu wa bunduki, mwamba mtupu kila upande, hakuna mtu mwingine Colorado angeipasua hivyo. Akauliza, "Na kulia je, kule kwenye udongo?" Nikamjibu kule ni takataka alizojaza Crull, na mimi ni mchimbaji, si mfagiaji.

Bustani za Denver wape wazee.

Pascoe Tregear


Denver
25 Juni 1961

Babu, shikamoo.

Kila unaloniambia nastahili. Baba hajambo kidogo, jana alitembea mpaka mlangoni.

Sikukwambia kwa sababu nilijua utakavyojibu. Nina miaka thelathini na sita, sina mume, nina baba wa kuuguza, na kazi hii ndiyo ya kwanza ambayo nalipwa kwa kuandika badala ya kuandika kwa mashine maneno ya wanaume. Waliponipa hadithi ya namba 14 sikuibuni, Babu. Nimekua nayo. Nyumbani kwetu ilikuwa kweli kama ukuta. Nilichoongeza ni macho ya samawati na Italia.

Lakini hukujibu. Nilikuuliza mwimbaji alikwenda wapi, ukanijibu habari za viatu vya Pell. Nauliza kwa mara ya pili. Kama Digory hakutoroka naye, basi yeye yuko wapi?

Loveday


Hospitali ya bondeni
20 Julai 1961

Mjukuu wangu,

Usishtuke kwa anwani. Ngazi ya stoo ndiyo iliyovunjika, mimi nimepasuka nyonga tu. Nilitambaa mpaka barabarani mwenyewe, na muuguzi anasema hajawahi kuona mtu wa umri wangu anatukana kwa sauti safi hivi. Chakula cha hapa ni viazi vilivyopondwa na mtu asiyependa viazi. Msalimie baba yako, mwambie sasa tumelingana.

Umeuliza mara mbili. Jenifer, bibi yako, hakuuliza hata mara moja, ndiyo maana hakuambiwa.

Madame Fiorelli hakuwahi kuiona Italia. Jina lake ni Bridget Mullaney, baba yake alikuwa fundi viatu St. Louis. Aliondoka Lodema wiki ileile aliyopotea Digory, ndipo Crull akapata uongo wake tayari umeiva. Akarudi baada ya miaka miwili, peke yake, sauti imekwisha, akagonga mlangoni kwangu akiulizia kazi ya kupika. Nikamwoa. Huyo ndiye bibi yako Biddy, ambaye kwenu mlikuwa mnamwita yule mwanamke wa juu mlimani, na kama kwenu kuna aliyemjua kwa jina la jukwaani basi alikufa nalo mdomoni.

Tulikaa miaka arobaini na minne. Kibanda chetu kilikuwa nyuma ya hoteli, na kamba yake ya nguo ilikuwa mkabala na dirisha la namba 14. Maharusi walikuwa wanateremka kumuuliza, "Mama, chumba cha yule mwimbaji aliyetoroka ni kipi?" Naye anawaelekeza, pini za nguo mdomoni. "Kile chenye pazia jekundu. Angalieni ngazi, imelegea." Wanawake wa kanisani hawakumpa mkono mpaka vita ya kwanza. Mpaka ya pili, wengine.

Nilimuuliza mara moja tu, mwaka ule wa 1900, kabla hatujaoana. Akasema, "Sikuondoka na Digory, Pascoe. Niliondoka na kikohozi."

Nikamwamini. Jumatatu yake nikaanza kuchimba.

Alikuwa ananiletea pai la nyama na viazi pale mlangoni mwa stoo, kila siku ya kazi, likiwa bado linatoa moshi. Hakunikataza hata siku moja. Wala hakuniuliza ninatarajia kukuta nini.

Kazi ya mwaka huu bado. Daktari anasema sitatoka kabla ya baridi. Nimemwambia awaulize wale wenzake wanne. Sikuombi kitu. Nakupa habari tu, kwa kuwa wewe ni mwandishi wa historia.

Pascoe


Lodema
1 Septemba 1961, jioni

Babu Pascoe, shikamoo.

Baba yuko kwa jirani, anatoa amri huko. Mimi niko mezani kwako, nimekunywa kahawa yako, na mikono yangu imefungwa vitambaa, kwa hiyo samehe mwandiko.

Nilikuja Jumatatu. Ningekuandikia kwanza, ungenikataza. Hulda alinipa ufunguo, akanitazama viatu akasema, "Na wewe ni Tregear kweli? Haya, ingia." Nikachukua nyundo na tindo zako, nikaenda kwenye njia yako ya kushoto. Babu, ni nzuri. Niliupapasa ukuta wake kwa mwanga wa taa na nikaona fahari ambayo sikuitegemea. Nikapiga mwamba mpaka jioni. Nilichobandua kinatosha kwenye kikombe cha chai.

Jumanne Hulda akaja na koleo mbili na ndoo. Nikamwambia Babu hataki udongo uguswe. Akasema, "Sheria inataka kazi, binti. Haijasema kazi ngumu." Tukaanza upande wa kulia, kwenye kifusi. Najua unavyokunja uso hapo ulipo.

Jumatano akaja Pell. "Bi. Tregear, kampuni inakulipa uandike!"

"Niko likizo."

"Likizo watu wanakwenda ziwani."

Hulda akamwambia, "Shika ndoo au ondoka kwenye mwanga." Alishika ndoo, Babu. Labda robo saa. Kisha akakumbuka viatu.

Alhamisi mchana tukafikia mbao zilizovunjika. Nyuma yake kuna nafasi ndogo, kavu. Kuna mtu. Amekaa, mgongo kwenye mwamba, uso upande wa mlango, na koleo mapajani. Kando yake kopo la chakula, limekwanguliwa kwa msumari, D. Tregear. Sikumgusa. Hulda alivua skafu yake akamfunika, tukatoka tukakaa mlangoni mwa stoo.

Daktari wa wilaya alikuja leo asubuhi, na karani akaandikisha kazi ya mwaka kabla ya saa sita. Kitalu ni chako bado. Kwa baba nimepiga simu. Akasema, "Kwa hiyo hakutuacha." Akarudia tena, kama anajifunza kulitamka.

Kijitabu nimemwambia Pell nakiondolea jina langu. Naye amesema anakiondolea mshahara wangu.

Sasa niruhusu swali la mwisho. Kutoka mlangoni mpaka alipokuwa ni udongo mlaini. Mimi na mwanamke wa posta tumeufikia kwa siku tatu. Mwaka 1900 ungemfikia kabla ya Jumapili. Kwa nini ulikwenda kushoto? Au uliogopa usimkute?

Loveday


Hospitali ya bondeni
30 Septemba 1961

Mjukuu wangu Loveday,

Salamu nyingi, na mikono yako ipakwe mafuta ya kondoo, si hizo dawa za dukani. Msalimie baba yako. Niliona siku ya mazishi ya Digory alivyosimama bila fimbo, na sikusema kitu, ila safari hii goti lake limelishinda langu. Sasa wananiruhusu kukaa kwenye kiti kila siku. Muuguzi anasema nimekuwa mpole, na mimi nimemwambia ni njaa.

Tregear hachimbi udongo. Udongo ni kazi ya wakulima na ya wazika maiti. Hilo ndilo jibu, na usiniulize tena.

Pell alikuja kunitembelea na maua. Akakaa hapo kitandani akaniambia kampuni imeguswa sana, na sasa namba 14 kitaitwa Chumba cha Mume Mwaminifu, bei itapanda kidogo, na kama familia inaridhia lile kopo la chakula litawekwa mapokezi ndani ya kioo, chini yake taa. Nikamwambia kopo limezikwa na mwenyewe. Akaandika mahali kwamba litatengenezwa lingine.

Ndipo nikamwambia, "Lete ile karatasi yako ya kitalu."

Akadhani anaota. "Unasaini, mzee?"

"Nasaini. Mwaga zege lako, sina kazi tena huko chini. Lakini hapo juu ya saini yangu andika kwamba namba 14 hakitapewa jina. Kitakuwa namba, kama wenzake."

"Lakini mzee, chumba bila hadithi ni chumba tu!"

"Ndiyo. Na kitanda ndani yake. Watu wengine huja hotelini kulala."

Amesaini, nami nimesaini, na saini yangu imenyooka, ingawa muuguzi anasema vingine. Karatasi iko chini ya mto wangu. Mimi sikukipigania kitalu kwa ajili ya madini, na waliosema hivyo walikuwa wanajipima wenyewe.

Sasa wewe huna kijitabu cha kampuni, basi andika changu. Andika kwamba Hoteli Leonora ilijengwa na tapeli kwa mawe mazuri. Andika kwamba Digory Tregear aliingia kazini asubuhi na alikuwa anajichimbua arudi nyumbani kwa mkewe Jenifer na mtoto wao, akaishiwa hewa. Andika kwamba amezikwa kando ya Jenifer, na kwamba watu wa Cornwall waliobaki, wote watano, waliimba kwa sauti nne, na ile ya besi ilikuwa yangu, kutoka kwenye kiti cha magurudumu, na ilisikika mpaka ng'ambo ya mto.

Mtu akibisha, mashahidi wapo. Yupo Hulda Okerlund wa posta, aliyempa skafu yake na hakutaka nyingine. Yupo daktari wa wilaya, kijana, lakini anajua kuhesabu mifupa. Yupo Pell, ambaye anajua kuliko anavyosema. Na juu ya wote, kabla ya hao wengine, mwandike Bridget Mullaney Tregear, mke wangu, safu ya juu makaburini, chini ya mti wa msonobari. Yeye aliusema ukweli huu mwaka 1900, mara moja tu, kwa sauti iliyokwisha, na haukuhitaji kurudiwa.

Pascoe Tregear